Afisa wa Buluu na Bonde la Mazinde

Katika masanduku ya makumbusho na katika albamu za familia za Ulaya na Marekani, miongoni mwa maelfu ya picha za rangi ya hudhurungi zilizochapwa kwa dawa za fedha katika karne ya 19, huonekana kwa nadra taswira ya namna ya pekee: afisa wa jeshi amesimama wima mbele ya banda la maonyesho ya dunia, vifungo vya koti lake vimepangika kama vilivyotoka mikononi mwa mshoni, upanga u ubavuni, masharubu yamesokotwa kwa uangalifu, na yote hayo, tangu kofia hata viatu, tangu anga hata vumbi la njia, ni buluu tupu. Mtazamaji wa leo aghalabu hudhani kwamba picha hiyo imeharibika kwa umri, au imechezewa na mtu mwenye kupenda mizaha. Sivyo. Imechapwa kwa njia iitwayo sainotaipu, na buluu yake ni ya asili, ilikuwapo tangu saa ile karatasi ilipotolewa majini na kuanikwa.

Naandika habari zake kwa ajili ya wasomaji wa Korogwe na Handeni, na hasa wa Mazinde, kwa kuwa mtu akiufuata uzi wa taswira hiyo kwa subira, kutoka maabara ya London hata viwanja vya Chicago na bustani za Berlin, atajikuta mwishowe ameteremka katika bonde letu, chini ya magenge ya Usambara, mahali ambapo leo mkonge umesimama safu kwa safu kando ya barabara kuu na reli, na ambapo zamani ilikuwapo ikulu ya mtu mkuu ambaye wajihi wake wachache tu miongoni mwetu wanaweza kuueleza.

Aliyeivumbua njia hiyo ni Sir John Herschel, Mwingereza, mwanafalaki mwana wa mwanafalaki, ambaye mwaka 1842, katika kuchunguza namna nuru ya jua inavyozigeuza chumvi za madini, alitambua kwamba chumvi fulani za chuma zikipakwa juu ya karatasi na kupigwa na jua huacha alama ya buluu isiyotoka kwa maji. Kazi yenyewe ni nyepesi kiasi cha kustaajabisha. Chumvi mbili huyeyushwa mbalimbali, kisha huchanganywa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, na mchanganyiko huo hupakwa juu ya karatasi kwa brashi na kuachwa ukauke. Karatasi hiyo, ambayo sasa ina rangi baina ya manjano na kijani, hulazwa chini ya kioo chenye picha geu, yaani picha ambayo weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe, na vyote viwili hupelekwa juani. Baada ya dakika kadhaa, kwa kadiri ya ukali wa jua, karatasi huingizwa katika maji safi; chumvi zisizoguswa na nuru huondoka pamoja na maji, na zile zilizoguswa hubaki zimeshikamana na nyuzi za karatasi, zikizidi kukoza kadiri zinavyokauka. Kwa sababu hiyo koti jeusi la afisa ndilo lililokuwa la buluu nzito, kwa kuwa hapo ndipo kioo kilipopitisha nuru nyingi. Na glavu zake nyeupe hazikupakwa rangi yoyote, bali ni karatasi tupu ambayo jua halikuifikia.

Hapana fedha katika kazi hiyo, wala dhahabu, wala dawa ya bei ghali. Ni chuma, jua na maji. Naomba msomaji alishike neno hili, maana vitu hivyo vitatu havikuwahi kuadimika katika bonde la Mto Pangani. Jua la Mazinde saa sita mchana lingeweza kuchapa picha hiyo kwa muda mfupi kuliko jua la Chicago au la Berlin, na maji ya Mto Mkomazi yangetosha kuisafisha. Kilichokosekana kwetu ni kamera, pamoja na yule mwenye haki ya kuamua nani atapigwa picha kwa heshima na nani atapigwa picha kwa kupimwa.

Mwaka mmoja baada ya uvumbuzi wa Herschel, yaani 1843, bibi mmoja Mwingereza aitwaye Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha taswira za mwani wa baharini, akiulaza mwani wenyewe juu ya karatasi za buluu bila ya kutumia kamera. Na wataalamu wengi wanakihesabu kuwa ndicho kitabu cha kwanza duniani kilichopambwa kwa picha za nuru. Mwanzo huo ulikuwa wa fahari, lakini njia yenyewe haikupata taadhima iliyostahili. Wapiga picha wenye majina makubwa waliidharau. Mmoja wao, Peter Henry Emerson, aliandika mwaka 1889 maneno makali ya kuwalaumu wale wanaothubutu kuchapa sura ya nchi kwa rangi hiyo. Walioipokea kwa mikono miwili ni wahandisi, ambao tangu miaka ya 1870 waliweza kununua karatasi zilizokwisha pakwa tayari, wakazitumia kunakili michoro ya madaraja, meli na reli. Hata taswira ya mtu ikichapwa kwa buluu, aghalabu ilikuwa ni nakala ya majaribio ya mpiga picha aliyetaka kujua kioo chake kimetokeaje kabla ya kutumia karatasi ya fedha, au ilikuwa kazi ya mtu asiye na duka la picha, aliyetaka ukumbusho wa bei nafuu wa siku aliyoifurahia. Afisa wetu wa buluu, basi, ni afisa katika picha ya watu wa kawaida, na hapo ndipo ulipo uzuri wake: koti la fahari juu ya karatasi ya kimaskini.

Mahali palipofaa sana kwa picha za namna hiyo ni maonyesho ya dunia, yale makusanyiko makubwa yaliyoanzia London mwaka 1851, ambamo mataifa yenye nguvu yalikutana kuonyeshana mashine, mazao, sanaa na silaha. Maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, yaliyofanywa kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike bara la Amerika, yalifunguliwa Mei na kufungwa Oktoba, na hesabu ya walioingia ilipita milioni 27. Ulikuwa mwaka wa tano tangu George Eastman aanze kuuza kamera yake ndogo ya Kodak, na wageni wengi walitamani kuchukua vivuli vyao wenyewe. Lakini wakuu wa maonyesho walikuwa wamempa Charles Dudley Arnold cheo cha mpiga picha rasmi, na mgeni aliyetaka kuingia na kamera ya mkononi alitozwa dola 2 kwa siku. Maafisa wa kijeshi walijaa kila upande, wengine wakiwa wajumbe wa nchi zao, wengine wakiwa walinzi. Kikosi cha ulinzi cha maonyesho hayo kiliongozwa na Kanali Edmund Rice wa jeshi la Marekani, mtu aliyepata Nishani ya Heshima kwa ushujaa wake katika vita vya Gettysburg mwaka 1863. Katika zama zile, kupigwa picha ukiwa na sare mahali kama pale kulikuwa ni hati ya utu: jina lako, cheo chako, kikosi chako, na nyuma yako majumba meupe ya ustaarabu unaodai kuulinda.

Lakini kando ya majumba hayo meupe ilikuwapo njia ya michezo na biashara ambamo watu wa Dahomey, pamoja na watu wa mataifa mengine mengi, waliwekwa katika vijiji vya kubuni ili watazamwe. Wamarekani weusi, ambao baba zao na wao wenyewe walipigana katika vita vya nchi ile, walibaguliwa katika maandalizi, kiasi cha kuwafanya Ida B. Wells na Frederick Douglass pamoja na wenzao watoe kijitabu mwaka huo huo kuueleza ulimwengu sababu ya watu wao kutokuwamo. Douglass mwenyewe alipata nafasi ya kusimama katika banda la Haiti tu, kwa hisani ya taifa la watu weusi waliojikomboa kwa upanga. Yeyote anayeitazama picha ya afisa wa Chicago na kuishangilia haiba yake, ingefaa akumbuke ni nani waliozuiliwa kusimama mahali pale pale.

Na katika Chicago hiyo hiyo bonde letu lilikuwapo kwa njia ya mzunguko. Bibi May French-Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alifunga safari mwaka 1891 akiwa na msafara wa wapagazi, akatoka Mombasa akaenda Taveta, akateremka katika ziwa la Chala, akafika Kilimanjaro, kisha akarudi pwani kwa njia ya bonde la Mto Pangani, akiwa mgonjwa, amebebwa na watu wa pwani ambao bila wao asingefika popote. Mwaka 1892 alitoa kitabu cha safari yake, na vitu vyake vikaonyeshwa Chicago mwaka uliofuata. Yeye naye alijipiga picha kwa vazi la fahari ili aonekane mbele ya masultani wa bara kuwa ni mtu wa dola. Ninapozitazama taswira zake, fikira zangu huwaendea wale wapagazi. Walipita chini ya milima ya Upare na Usambara kwa njia ya misafara, na kila aliyepita njia hiyo alipita katika himaya iliyokuwa, au iliyokuwa karibuni, mikononi mwa bwana wa Mazinde.

Bwana huyo ni Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyetawala Usambara kutoka Vuga kwa miaka mingi hata mauti yake mwaka 1862. Baba alikuwa mfalme wa mlimani. Mwana aliona mapema kwamba nguvu za zama mpya haziko juu penye mvua na migomba bali ziko chini, kwenye nyika kame inayopitiwa na pembe, nguo, baruti na watumwa. Akaishika Mazinde, akafanya urafiki na wafanyabiashara wa Pangani, akakusanya bunduki, akavaa mavazi ya pwani na kusema Kiswahili, na ilipozuka fitina ya urithi alimwondoa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, kisha akamweka Vuga mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, ilhali yeye alibaki bondeni penye mapato. Sina nia ya kumpamba. Vita vile viliwatumbukiza maelfu katika utumwa, na Wabondei walijitenga kwa uasi mkubwa ambao bado unasimuliwa. Lakini alikuwa mtawala kwa maana kamili ya neno hilo, mwenye akili ya siasa ambayo maafisa wengi waliopigwa picha katika maonyesho hawakuikaribia.

Taswira tuliyo nayo ya Semboja imechorwa kwa kalamu zaidi kuliko kwa nuru. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyeijua ikulu ya Mazinde kutoka ndani, aliandika Habari za Wakilindi, tarihi ndefu iliyochapwa na wamisionari kwa vipande vipande katika zama za Wajerumani na ikatolewa tena mwaka 1962. Yeyote anayetaka kumwona Semboja akipanga, akikasirika, akishauriana na wazee, akipima baina ya rafiki na adui, atamwona humo akiwa hai kuliko afisa yeyote aliyesimama mbele ya kamera kwa dakika moja akizuia pumzi. Ni fahari kubwa ya lugha yetu kwamba jambo hilo lilifanywa kwa Kiswahili, tena na mtu aliyekuwapo, na nasikitika kwamba kitabu hicho ni adimu mikononi mwa wanafunzi wa shule zilizoko katika ardhi ile ile kinayoisimulia.

Kisha wakaja maafisa wenyewe. Agosti 1888 Luteni Emil von Zelewski alitaka kupandisha bendera ya kampuni ya Kijerumani mjini Pangani kwa kibri kilichowachoma watu moyoni, na pwani nzima ikalipuka. Hans Meyer na Oscar Baumann, ambao wakati huo walikuwa wakipita Usambara na kupima nchi, waliona msafara wao ukivunjika, wapagazi wakitawanyika na mali ikipotea, na walipokimbilia pwani wakaangukia mikononi mwa Bushiri bin Salim, wakaachiliwa kwa fidia. Bushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889, baada ya Hermann von Wissmann kuletwa na jeshi la kukodi. Semboja, ambaye hakuwa mtu wa kupigana vita asivyoweza kuvishinda, alikubali bendera mpya. Kituo cha Wajerumani kikawekwa Mazinde, kabla ya utawala kuhamishiwa juu mlimani Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo. Mwaka 1895 Semboja akafariki.

Miongoni mwa maafisa wa jeshi lile yuko mmoja ambaye jina lake limefungamana na milima yetu na pia na maonyesho makubwa ya Ulaya. Tom Prince, aliyezaliwa Mauritius mwaka 1866 kwa baba Mwingereza na akalelewa kuwa afisa wa Kijerumani, aliongoza Januari 1893 shambulio dhidi ya ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe karibu na Tabora. Isike, alipoona ngome imevunjwa, aliwasha ghala lake la baruti kuliko kuingia mikononi mwa adui. Baadaye Prince akapelekwa Uhehe kumwandama Mkwawa, kazi iliyomchukua hata mwaka 1898. Kisha akaacha jeshi, akahamia Usambara na mkewe Magdalene, wakafungua shamba mahali panapoitwa Sakarani, si mbali na Soni, ambapo siku hizi watawa wa Kibenedikto wana makao yao. Aliuawa Tanga, 4 Novemba 1914, katika vita vya kuwazuia Waingereza na Wahindi waliotua kutoka baharini.

Sasa msomaji atazame mambo yalivyokwenda. Mwaka 1896, miaka mitatu tu baada ya mauti ya Isike, mji wa Berlin ulifanya maonyesho makubwa ya viwanda katika bustani ya Treptow. Hayakuitwa maonyesho ya dunia, kwa kuwa Kaisari na serikali hawakuyataka hivyo, lakini kwa ukubwa na tamaa yake yalitaka kulingana na yale ya Paris na Chicago. Ndani yake palitengwa maonyesho ya makoloni, na katika vitu vilivyojengwa humo ilikuwapo nakala ya ngome ya Isike. Ngome iliyokuwa kaburi la mtemi ikawa pahali pa matembezi ya familia za Berlin siku za Jumapili. Watu zaidi ya 100 kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini Magharibi, Afrika Mashariki na visiwa vya Pasifiki waliletwa kukaa katika vijiji vya kubuni, tangu Mei hata Oktoba, na mtaalamu aitwaye Felix von Luschan akawapima vichwa na viungo na kuwapiga picha, mbele na ubavuni, kwa ajili ya kitabu cha elimu alichokitoa mwaka uliofuata.

Hapa nalinganisha taswira mbili zisizopungukiana kwa ufundi. Ya kwanza ni ya afisa katika maonyesho: amechagua vazi lake, ameamua asimame vipi, amelipia nakala, na nyuma ya karatasi limeandikwa jina lake. Ya pili ni ya Mwafrika katika maonyesho: amesimamishwa, amegeuzwa ubavu, na namba zimeandikwa kando ya sura yake. Jua lililozichapa ni moja. Lakini hata pale Treptow wako waliokataa kutendewa kama vitu. Wengine walikataa kuvua nguo zao za kawaida wapigwe picha za nusu uchi, na kijana mmoja wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, alijinunulia darubini ndogo ya ukumbi wa michezo akawatazama wao waliokuja kumtazama. Habari yake imewapa watu wa jumba la makumbusho la Treptow jina la maonyesho waliyoyafungua mwaka 2017 kuwakumbuka waliopitia mahali pale, na kazi kubwa ya watafiti wake ilikuwa kuzirudishia sura zile majina yake, moja baada ya moja. Naihesabu kazi hiyo kuwa ni ya haki kuliko sanamu nyingi za shaba.

Tusisahau pia kwamba jeshi lile la Wajerumani lilikuwa na maafisa Waafrika. Wissmann aliwaandika Wasudani waliotoka katika jeshi la Misri na Washangaan waliotoka Msumbiji, na vyeo vyao vikafuata mila ya Kituruki iliyokuwapo Misri: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, na juu yao wachache walioitwa efendi. Miongoni mwa hao wa Msumbiji, Sykes Mbuwane alitoka Inhambane pamoja na Wissmann. Mwanawe Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, alilelewa na Efendi Plantan baada ya kufiwa na baba, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama ambacho ndicho shina la TANU. Historia hiyo haiwezi kusomwa kwa moyo mwepesi. Watu hao walitumika kuzivunja ngome za watu wa nchi hii, na wana wao wakaisaidia nchi hiyo hiyo kuvunja minyororo. Efendi aliyesimama mbele ya kamera na upanga wake alikuwa afisa kamili, na picha yake, ikiwapo katika nyumba ya mtu, yastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu ule ule ambao Chicago ilimhifadhia kanali wake.

Narudi kwenye buluu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka wa maonyesho ya Chicago, ikafika Muheza 1896, mwaka wa maonyesho ya Treptow, ikajikongoja hata Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Buiko 1909. Hivyo mataruma yaliwekwa Mazinde baina ya miaka hiyo miwili ya mwisho. Wahandisi wa zama hizo walinakili ramani na michoro yao kwa njia ya Herschel, mistari myeupe juu ya uwanja wa buluu, na Wajerumani wana jina lao la nakala hiyo ambalo linatumika hata leo kwa mpango wowote. Kwa hiyo sainotaipu, iliyochapa wajihi wa afisa kwa bei ya senti chache, ilikuwa pia chombo cha kazi cha wajenzi wa madaraja na karakana. Baada ya reli ukaja mkonge, ambao Richard Hindorf alikuwa ameuingiza nchini kwa miche 62 iliyosalimika safarini mwaka 1893, na baada ya mkonge wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi, wakanyang'anywa majina yao na kupewa namba katika daftari za mashamba. Namba tena. Katika bonde hili mtu mweusi amehesabiwa mara nyingi zaidi kuliko alivyoitwa.

Kwa ajili hiyo nina ombi kwa wenyeji wa Mazinde, Mombo, Mkomazi, Korogwe na Handeni. Katika nyumba nyingi kuna bahasha, sanduku la bati au Kurani na Biblia za wazee ambamo zimehifadhiwa picha za zamani: babu akiwa askari wa King's African Rifles, baba akiwa na sare ya reli, mjomba alipokwenda Sabasaba akapigwa picha mbele ya banda, shangazi katika gwaride la Jeshi la Kujenga Taifa. Wakae vijana na wazee, waulizane: huyu ni nani, alipigwa wapi, mwaka gani, alikuwa na cheo gani? Majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, pembeni, wala si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kutokea usoni. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, sura ishirini hugeuka kuwa za watu wasiojulikana kwa siku moja.

Na kama katika karatasi hizo itaonekana moja ya buluu, iwe ni taswira ya mtu au mchoro wa stesheni, ifahamike kwamba ina tabia zake. Mwanga ukiipiga kwa muda mrefu hufifia, lakini ikiwekwa gizani mahali penye hewa hurudisha sehemu ya rangi yake, jambo ambalo picha nyingine haziwezi. Adui yake mkubwa ni magadi, sabuni na chokaa, ambavyo huila buluu na kuacha doa la manjano lisilorudi. Kwa hiyo isifutwe kwa maji ya sabuni wala isitundikwe juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Isibandikwe kwa gundi, isifunikwe kwa plastiki ya moto, ifungwe katika karatasi safi ya kawaida na kuwekwa pakavu.

Mwenye kupenda kuitolea nakala kwa manufaa ya umma anaweza kuipeleka Tanga mjini, katika makumbusho ya Urithi yaliyomo ndani ya boma la zamani la Wajerumani, au Dar es Salaam kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na akabaki na picha yake ya asili mkononi. Walimu wa shule za kata ya Mazinde nawasihi wasingoje waraka kutoka juu: wawatume wanafunzi majumbani muhula huu huu, kila mmoja alete jina moja la mtu mmoja aliye katika picha moja, na majina hayo yaandikwe katika daftari la shule.